Kadi Nyekundu kwa Mungu wa Mauti

"Kabla chai ya kitanda cha jirani haijapoa, Mmezapumzi atakuwa maiti! Na nitamuua kihalali, mjomba, bila kuweka kidole hata kimoja!"

Maneno hayo, msomaji, ndiyo tuliyoachana nayo wiki iliyopita, na aliyeyatoa ni Bingwa. Jina hilo la Bingwa hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, na mpaka leo anayelitumia kwa moyo mmoja ni yeye peke yake.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa sabuni dukani, usihangaike. Mambo yako hivi.

Mjomba wake Bingwa, refa mstaafu ambaye mji mzima unamwita Refa tu, amelazwa wodi ya wanaume. Ana mawe kwenye nyongo. Nyongo imevimba, na daktari amesema itolewe leo, la sivyo itapasuka yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Machela iko mlangoni. Refa amegoma kupanda.

Amegoma kwa sababu ya kitabu.

Kitabu chenyewe ni cha mchezo. Hukisomi toka mwanzo kwenda mwisho kama watu wastaarabu. Aya zake zina namba, zimechanganywa kama karata, na wewe msomaji ndiye shujaa mwenye upanga. Kila aya inakuuliza: ukitaka kufungua mlango, nenda namba hii, ukitaka kukimbia, nenda namba ile. Ukikosea unakufa, unarudi mwanzo. Na huko mwisho kabisa, juu ya kiti cha mifupa, anakusubiri Mmezapumzi, mungu wa mauti, jini mwenye pembe, mabawa na harufu mbaya.

Bingwa ndiye aliyemletea mjomba wake kitabu hicho ili asahau maumivu. Maumivu hayakusahaulika. Kila Refa akifika kwenye kiti cha mifupa, anamezwa mzimamzima.

"Sipandi machela nikiwa nimefungwa," Refa alikuwa ametangaza. "Huyo mshenzi afe kwanza, ndipo nami niende kukatwa. Akishindikana, nyongo ni yangu, nitabaki nayo."

Haya. Tuingie wodini.

"Mzee," alisema Sista wa zamu, mikono kiunoni, "daktari anamalizia mgonjwa mmoja. Anayefuata ni wewe. Usipokuwepo anachukua mwingine, wewe unasubiri wiki ijayo. Na hiyo nyongo haina wiki."

"Sista, umewahi kuona mechi inakatishwa kwa sababu daktari ana haraka?"

"Nimewahi kuona mzee anazikwa kwa sababu ya ubishi."

"Huyo hakuwa refa."

"Kumbe unamwogopa mungu wa kwenye kitabu!"

Hapo Refa alijaribu kukaa, tumbo likamrudisha chini.

"Nimwogope nani? Huyu?" Akaupiga ukurasa wenye picha kwa kucha. "Mtazame. Ana mabawa, halafu anaishi pangoni. Mabawa ya nini pangoni, ya kufagilia? Ana mikono minne, upanga mmoja. Hiyo mingine mitatu inafanya kazi gani, kujikuna? Mimi nimewatoa uwanjani mabeki wenye sura mbaya kuliko hii, mama zao wakiwa wamekaa jukwaani wananitazama!"

Wodi ikacheka. Bingwa akacheka kuliko wote. Lakini aliuona mkono wa mjomba wake uliokuwa juu ya tumbo. Ulikuwa unatetemeka, na si kwa maumivu tu.

"Anza," Refa akaamuru. "Na chai ile pale inapoa."

Chai ilikuwa ya kitanda cha pili, kitanda cha Taya. Taya ni fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika taya. Meno yake yalikuwa yamefungwa waya, ya juu na ya chini pamoja, na chai alikuwa akiivuta kwa mrija taratibu kama mtu anayefyonza mafuta kwenye tangi. Tangu alazwe hajatamka neno. Kwa hiyo Refa alimpa kazi.

"Wewe huwezi kusema," alimwambia siku ya kwanza, "basi wewe ndiye mshika kibendera. Ukiona faulo, inua taulo."

Taya alikuwa na taulo la manjano. Alilichukulia suala hilo kwa uzito wa kutisha.

Bingwa akafungua kitabu, akakohoa kama mtangazaji wa redio.

"'Umefika mbele ya kiti cha mifupa. Mmezapumzi anafumbua macho yake ya moto. Anasema kwa sauti ya radi: Ewe kiumbe wa udongo, wafalme elfu wamepiga magoti hapa. Ukitaka kuomba huruma, nenda 371. Ukitaka kumtukana, nenda 388.'"

"Tukana!" alisema Refa. "Hivi kuna binadamu anakwenda 371?"

"Mjomba, si tungejaribu angalau..."

"Nenda 388, au nikupe kadi."

Bingwa akageuza kurasa. Na hapa ndipo majigambo yake yalipoanza kuvuja, kwa sababu alipogeuza, kidole chake cha shahada kilibaki nyuma. Kilibaki kimelala kwenye ukurasa wa kiti cha mifupa, kimejikunja vizuri, kinasubiri. Kila mcheza vitabu vya aina hii anaijua hila hiyo. Unachungulia mbele, ukiona kifo, unarudi kilipo kidole, unachagua njia nyingine, na unajifanya hukuwahi kufa.

Taulo la manjano likapaa juu.

"Toa kidole!" Refa akanguruma.

"Kidole gani, mjomba?"

"Hicho ulichokizika hai."

Kidole kikatoka. Bingwa akatabasamu kama mtu aliyekutwa chumbani kwa watu akasema amepotea choo.

Msomaji aelewe kwamba Refa alimjua huyu kijana. Katika mechi ya mtaani alishawahi kumtoa nje yeye huyuhuyu, mtoto wa dada yake wa tumbo moja, kwa kuingiza goli kwa mkono. Bingwa alilia, mama yake akanuna, na goli likakataliwa.

"'388,'" akasoma Bingwa kwa unyonge. "'Mmezapumzi anacheka. Anakutupia kiganja chenye makucha. Tupa dadu. Ukipata tano au sita, nenda 395. Ukipata chini ya hapo, nenda 13.'"

Dadu yenyewe haikuwapo. Kitabu kilinunuliwa kimeshatumika, na dadu ilikuwa imeshapotelea huko kwa wenyewe. Bingwa hakukosa la kufanya. Siku ya kwanza alichana karatasi nyeupe ya mwisho kabisa ya kitabu, akaikata kwa mkasi vipande sita, akaviandika moja mpaka sita, akavikunja na kuvitia kwenye kikombe kidogo cha plastiki cha dawa. Unatikisa, unachomoa, unafungua. Kwa kuwa mkono mmoja wa Refa ulikuwa na dripu na wa pili ulikuwa kazini kushika tumbo, mchomoaji alikuwa Bingwa.

Akatikisa. Akachomoa. Akafungua.

Mbili.

"Namba 13," alisema Refa. Hakuhitaji kusomewa. "'Pumzi yako sasa ni mali yangu. Hadithi yako inaishia hapa.' Ndivyo anavyosema kila mara. Hana hata neno jipya, mjinga yule."

Lakini uso wake ulikuwa umepauka. Akageukia ukutani.

Chai ya Taya ilikuwa bado inafuka moshi.

"Rudisheni machela," Refa akauambia ukuta.

Mama yake Bingwa, dada yake Refa, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda muda wote, alimshika mwanawe sikio, akamtoa nje koridoni. Ni fundi cherehani. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni, maana alitoka kazini mbio na gauni la mtu likiwa chini ya sindano.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, mama. Ndivyo uso wangu ulivyo."

"Sikiliza. Unadhani kaka yangu ana shida na jini la kwenye kitabu?"

"Si ndivyo anavyosema?"

"Kaka yetu mkubwa, yule hukumkuta, aliingia mlango ule pale." Akaonyesha mlango wa chumba cha upasuaji, mwisho wa korido, wenye vioo viwili vya duara. "Aliingia kwa miguu yake. Anatania. Akavua viatu akampa huyu mjomba wako, akamwambia nishikie, natoka sasa hivi. Huyu alikaa kwenye benchi lile na viatu mapajani mpaka walipokuja kutuambia. Viatu anavyo hadi leo. Chini ya kitanda. Anavipiga rangi."

Bingwa akageuka kuutazama mlango wenye vioo.

"Kitabu umekileta wewe," alisema mama. "Umemwingiza humo wewe. Mtoe. Sijali utamtoa kwa mlango au kwa dirisha, nataka awe juu ya ile machela."

"Mama, yule mtu anataka haki. Anataka mpaka mshika kibendera!"

"Na mimi nataka kaka."

Akarudi ndani. Bingwa akabaki akitazama benchi. Lilikuwa benchi la kawaida kabisa, la mbao, lenye msumari mmoja uliochomoza, na ghafla akatamani lisingekuwapo pale.

Alipoingia tena wodini, kifua kilikuwa mbele na mdomo ulikuwa mbele zaidi.

"Mjomba! Ile haikuwa mechi, ilikuwa kupasha misuli!"

"Niache."

"Yaani Mmezapumzi akuache wewe kitandani, arudi kwao akajisifu? Akawaambie majini wenzake: nimemfunga refa, akageukia ukutani?"

Bega la Refa likatikisika.

"Amesema hivyo?"

"Ataacha kusema? Mtu mwenye mabawa pangoni ana mambo gani mengine ya kufanya?"

Refa akageuka.

"Lete kitabu. Mara moja tu. Ya mwisho."

Msukuma machela, mtu mnene mwenye pumzi fupi, akajibwaga kwenye kiti. Sista akatazama saa ya ukutani, akatikisa kichwa, lakini hakuondoka. Hata yeye sasa alitaka kumjua mshindi.

Bingwa akasoma. Radi, moto, wafalme elfu, magoti. Mungu wa mauti aliongea sana kuliko ilivyohitajika, kama wote wasio na uhakika na kazi zao.

"Mwambie afupishe," alisema Refa. "Mgeni rasmi hana hotuba ndefu hivyo."

"Huruma au matusi, mjomba?"

"Matusi. Na mwambie pembe zake moja iko juu kuliko nyingine. Amejichonga mwenyewe gizani."

Namba 388. Vidole vyote nje, mchana kweupe. Taya akaegemea mbele, mrija mdomoni, taulo magotini.

Bingwa akatikisa kikombe. Akaingiza vidole viwili, akapekua, akapapasa. Vipande vilikuwa vimechomolewa na kukunjwa mno. Kila kimoja alikijua kwa mguso kama mtu anavyozijua funguo zake. Hiki kimekunjwa mara mbili. Hiki kona imechanika. Na hiki kinene, kigumu...

"Sita!" akapiga kelele.

"Onyesha."

Akaonyesha. Sita kweli. Wodi ikashangilia.

"'395,'" akasoma haraka. "'Upanga wako unamjeruhi! Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, mungu wa mauti anatoa damu.'"

"Tangu dunia iumbwe!" Refa akasonya. "Kwa hiyo miaka yote hiyo hajawahi hata kujikata akinyoa?"

"'Anaruka kwa hasira. Umebakiwa na pigo moja. Tupa dadu. Ukipata sita, nenda 400, aya ya mwisho ya kitabu hiki. Ukipata chini ya hapo, nenda 13.'"

Sita tu. Nyingine zote ni kumezwa.

Bingwa akakunja kile kipande cha sita, akakirudisha kikombeni mbele ya watu wote.

Yaani mkono ndio uliorudi. Kipande hakikurudi. Kilibaki kimebanwa kati ya kidole cha kati na cha pete, kwenye mkono uleule ulioingiza lile goli la aibu mtaani.

Akainua macho, yakagongana na ya Taya.

Taya alikuwa ameona. Macho yalikuwa yamemtoka kama ya samaki. Taulo likainuka, kidogo, hadi usawa wa kifua.

Bingwa akamtazama. Kisha akamtazama mjomba wake, ule mkono juu ya tumbo. Kisha machela. Kisha Taya tena.

Taya akatazama alikotazama yeye. Halafu taulo likashuka, taratibu, likatua magotini.

Bingwa akatikisa kikombe kwa mbwembwe zote, akachomoa, akafungua.

"Sita tena, mjomba! Sita! Mungu wa mauti kwisha habari yake!"

Ilikuwa kelele. Mgonjwa mmoja mwenye mguu wa plasta akapiga plasta yake kama ngoma. Sista akapiga makofi, akakumbuka yeye ni nani, akaacha. Kipande kikarudi ngumini haraka kabla mtu hajakiomba.

"Soma," alisema Refa, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Soma 400. Nataka kumsikia anavyokufa."

Bingwa akafungua mwisho wa kitabu.

397. 398. 399. Jalada.

Akarudi nyuma. 399. Akageuza. Jalada. Akalowesha kidole akajaribu kutenganisha karatasi, labda zimegandana. Hazikugandana. Palikuwa na mshono tu, na kipande chembamba cha karatasi chenye meno, mahali ambapo karatasi ya mwisho ilichanwa.

Karatasi nyeupe ya mwisho.

Akakumbuka kwamba ilikuwa nyeupe, ndiyo, upande aliouona. Upande wa pili hakuugeuza hata kuutazama. Nani ana muda wa kugeuza karatasi?

Nyuma ya kitabu alifungua ngumi kidogo, akakigeuza kile kipande cha sita. Nyuma yake palikuwa na chapa ndogo nyeusi, safi kabisa:

"400. Mmezapumzi ana"

Basi. Maneno yameishia hapo, yamekatwa na mkasi wa Bingwa mwenyewe. Ana nini? Anakufa? Anacheka? Anakumeza? Jibu lilikuwa limelala kikombeni vipande vipande, na ndilo hilohilo lililokuwa likitikiswa na kuchomolewa tangu siku ya kwanza. Na kukimimina kikombe maana yake ni kuwaonyesha watu kwamba ndani mna vipande vitano.

"Mbona kimya?" aliuliza Refa.

"Napanga sauti, mjomba. Kifo cha mungu hakisomwi kama bei za sokoni."

Ndani ya jalada palikuwa na tangazo la gundi. Bingwa akalikodolea macho kama msahafu, akaanza.

"'400. Upanga wako unapaa. Unashuka. Unamshika Mmezapumzi... unamshika...'" Macho yakaangukia tangazo. "'...imara! Unashika mbao, ngozi, chuma na plastiki!'"

"Plastiki?" Refa akakunja uso. "Mungu wa mauti ana plastiki wapi?"

"Meno, mjomba."

"Meno?"

"Ya bandia. Imeandikwa hapa. 'Kwa pigo hilo meno ya bandia ya Mmezapumzi yanamdondoka, yanabingirika chini ya kiti cha mifupa. Mungu wa mauti anapiga magoti kuyatafuta. Anapapasa kwa mikono yote minne. Anasema, ngoja kwanza, usinipige, fijayaona bado...'"

Refa alianza kucheka kutoka chini, kule kulikokuwa kunauma. Alicheka akiugulia, akaugulia akicheka, machozi yakamchuruzika mpaka masikioni.

"Meno ya bandia! Na wafalme elfu wamempigia magoti! Kumbe walikuwa wanamsaidia kuyatafuta!"

"'...Na wewe, shujaa, unayakanyaga. Kwishaa. Mmezapumzi anabaki na ufizi. Hawezi kumeza tena, labda maji. Tumia safi na kavu, weka mbali na watoto. Mwisho.'"

"Labda maji!" Refa akajifuta macho. Akamtazama dada yake. Mkono juu ya tumbo ulikuwa umetulia. "Dada, umesikia? Huyo ndiye tuliyekuwa tunamwogopa miaka yote. Kibogoyo."

Mama yake Bingwa alishika utepe wake kwa mikono miwili, akatazama chini.

"Lete hiyo machela," alisema Refa.

Wakampandisha. Msukuma machela akaegemea, magurudumu yakalia.

"Simama! Miguu mbele hivi mnanitoa kama nani? Sijafa mimi. Nigeuzeni."

"Mzee, njia ni moja!"

"Kichwa kwanza."

Wakamgeuza, wakilaumu. Sasa Refa alikuwa anatoka wodini kinyumenyume, kichwa kimeinuliwa juu ya mto, na uso wake ukiwatazama wote aliowaacha. Akawapungia mkono wenye dripu kama timu inayotoka na kombe.

Hapo, msomaji, Bingwa alichotakiwa kufanya kilikuwa kitu kimoja tu. Kunyamaza. Mlango wa korido ulikuwa umeshashikwa wazi. Lakini kumwomba Bingwa anyamaze ni kumwomba jogoo akoroge simenti.

Akasimama katikati ya wodi, kitabu juu, ngumi juu.

"Mmeona? Nilisema nini mimi? Kabla ya chai kupoa! Bila kidole! Bila hila! Mungu wa mauti nimemla kihalali, na mwenye ubishi ainue mkono!"

Taya alikuwa amevumilia mengi. Alivumilia kudondoka, alivumilia waya, alivumilia ile sita ya kwanza ya kupapaswa na ile ya pili ya kufichwa. Yote aliyameza pamoja na chai. Lile neno "kihalali" ndilo halikupita kwenye mrija.

Taulo la manjano likapanda. Halikuishia kifuani. Lilipanda mpaka mkono ukanyooka wote.

"Simamisha," alisema Refa.

Magurudumu yakasimama kizingitini.

"Mzee, daktari ameshanawa mikono!" Sista akalia.

"Kibendera kiko juu."

"Anajipepea huyo, mjomba!" Bingwa akaruka mbele. "Joto! Na chai ya moto vilevile! Nendeni, nendeni..."

"Mshika kibendera." Refa hakumtazama mpwa wake hata kidogo. "Umeona nini?"

Taya akafumbua midomo. Meno yakabaki yamefungana, waya zinang'aa. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu aliye ndani ya sanduku, na lilikuwa neno lake la kwanza tangu alazwe.

"Kikombe."

Sista akakichukua kikombe mezani, akakimimina kiganjani.

"Vitano," alisema. Akahesabu tena. Akakigeuza kimoja, akakisogeza karibu na macho. "Ajabu. Nyuma yake mna maandishi ya kitabu."

Mama yake Bingwa alikuwa ameziba mdomo kwa utepe. Mwisho wa korido, nyuma ya kichwa cha Refa, ule mlango wenye vioo viwili vya duara ukafunguka, na sauti ikaita:

"Mgonjwa wa nyongo! Yuko wapi?"

Refa hakugeuka. Mkono wake ukaenda kifuani, mahali filimbi iliponing'inia miaka yote ile, ukakuta shuka tupu. Ukarudi tumboni, ukalishika tena kwa nguvu.

Kisha akaunyoosha kwa Bingwa, kiganja juu.

"Mjomba," Refa alimwambia mpwa wake polepole. "Fungua mkono."